Bangili ya Kitanda cha Nne

Tarehe 3 Machi

Kwa Muuguzi wa zamu ya mchana,
Wodi ya Tiba Shufaa.

Matroni wako amenikataza kupiga simu wodini. Anasema juzi nilipaza sauti mpaka wagonjwa wengine wakasikia, na kuanzia sasa neno lolote kati yangu na wewe lipite kwenye barua pepe ya wodi, lichapwe, lisainiwe, liwekwe kwenye faili. Vizuri. Maandishi huwezi kuyakatia katikati kama ulivyonikatia simu.

Mimi ni mtoto wa pekee wa mgonjwa wa kitanda cha nne, mama wa miaka sabini na moja, mwenye saratani ya kongosho iliyokwisha kuingia kwenye ini na mifupa. Kazi yangu ni uhandisi. Tunatengeneza mapacha wa kidijitali, na kwa kuwa sidhani kama umewahi kuelezwa, nakueleza. Pampu ya maji iko mtoni. Mimi huku nina pampu nyingine ndani ya kompyuta, inayofanana na ile kwa kila msumari. Vihisi vya ile ya mtoni vinanitumia joto, mtetemo na mwendo, na ya kwangu inafuata. Ikitaka kuharibika, najua kabla ya yule aliyesimama kando yake. Mwaka jana tulianza kujaribu kwa miili ya watu, na mama alikubali kuwa wa kwanza. Ile bangili mkononi mwake inanitumia mapigo ya moyo, pumzi, usingizi na hatua zake. Daktari anaongeza vipimo vya damu. Kwa hiyo nikikueleza jambo kuhusu mwili wa mama yangu, usinijibu kwamba niko mbali.

Jambo lenyewe ni mofini. Kwenye karatasi ya dawa, juma lililopita umempa dozi za ziada kumi na tisa. Pacha anasema alihitaji nne. Saa zilezile ulizoandika "maumivu makali", pacha anaonyesha moyo uliotulia, pumzi kumi na nne kwa dakika, na mara nyingine mtu anayetembea. Nataka maelezo ya kila dozi, na nataka zipungue. Mama yangu hakuja hapo kuleweshwa ili zamu yenu ipite kwa amani.

Binti wa kitanda cha nne


Tarehe 7 Machi

Kwa Binti wa kitanda cha nne,

Barua yako imeingia bila hodi wala salamu, nami nimeipokea hivyo hivyo. Nina miaka hamsini na saba. Shikamoo yako sikuidai. Haiwezi kunipunguzia maumivu ya magoti.

Miaka ishirini na sita nimekuwa katika chumba hiki chenye vitanda sita. Humu hatuponyi mtu. Tunamgeuza asipate vidonda vya mgongo, tunamlowesha midomo kwa pamba, tunamsikiliza, na akiumwa tunamwondolea maumivu. Dozi ya ziada imeandikwa na daktari: "mgonjwa akihitaji". Anayejua kama mgonjwa anahitaji ni mgonjwa. Namuuliza, "Mama, kutoka sifuri mpaka kumi, sasa ni ngapi?" Mama yako alikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka thelathini na moja. Hana mazoea ya kuongeza neno ambalo halikusemwa. Akiniambia nane, ni nane.

Unataka maelezo ya kila dozi. Chukua moja. Jumanne saa nne asubuhi tulimgeuza ubavu wa kushoto. Aliuma foronya mpaka ikatoboka, na nilipomaliza kumchoma sindano aliniomba radhi kwa kuiharibu foronya ya serikali. Sijui kama pampu zako huomba radhi.

Kuhusu bangili sina la kusema. Mimi si fundi.

Kiti cha wageni kando ya kitanda cha nne hukaliwa na mama yako mdogo Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine tano kiko wazi. Mwenye nafasi ya kuhesabu dozi zangu kutoka huko, nafasi ya kupanda ndege haiwezi kumkosa.

Muuguzi wa zamu ya mchana


Tarehe 12 Machi

Kwa Muuguzi,

Usinifundishe njia ya kwenda kwenye kiti cha mama yangu.

Nilikuwa nije mwezi huu. Nimeahirisha mpaka mwishoni mwa Mei, na nitakwambia sababu, ingawa hustahili: mama anapata nafuu. Tangu tarehe 10 Februari moyo wake umepata nguvu, saa za utulivu zimeongezeka, na mchana anatembea hatua mia nane, mia tisa. Pacha alikuwa amempa majuma sita. Sasa anampa miezi mitano, pengine saba. Nataka nije na likizo ndefu, nimtoe humo, arudi akae kwenye nyumba yake na alalamikie majirani kama zamani.

Na wewe mtu huyo unamdunga sindano kama anayekata roho. Ulinipa hadithi ya foronya. Mwenye foronya aionyeshe.

Nimemwandikia Matroni na daktari kurasa kumi na moja, na michoro yote. Nimeuliza swali moja tu: kwa nini mgonjwa anayetembea analazwa usingizi kwa nguvu? Nimeomba dozi za ziada zitolewe pacha akikubali, na nimeomba wewe uondolewe kitandani kwake.

Binti


Tarehe 14 Machi

Mwanangu Injinia,

Nakuandikia kwa mkono wa Muuguzi, maana wangu siku hizi unaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Matroni kanisomea barua zenu. Mnagombana kama wake wenza, na mume mwenyewe ndiye mimi niliyelala hapa. Acheni. Mtawaamsha wa kitanda cha tano.

Mimi sijambo. Chakula nakula, usingizi napata. Juzi nimetembea mpaka dirishani nikaangalia watu wanavyoegesha magari vibaya. Yule mwenzangu wa kwenye kompyuta kaamkaje leo? Mwambie asinizidi urembo.

Usikatishe kazi kwa ajili yangu. Njoo Mei kama ulivyopanga, nitakuwepo, nitakwenda wapi?

Huyu Muuguzi mimi namwita Afande. Ni mkali ila mikono yake laini. Anaandika haya huku amenuna, nimemlazimisha.

Mama yako


Tarehe 20 Machi

Kwa Binti,

Umeshinda. Kuanzia leo nimehamishiwa chumba cha kufunga vidonda cha wagonjwa wa nje, mpaka uchunguzi uishe. Daktari amekubali: dozi ya ziada, kwanza iulizwe kompyuta yako. Amesema ni kwa majaribio. Michoro yako ilimpendeza sana.

Mama yako alipoelezwa hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Nilikuwa na la kusema na sikulisema.

Nakuomba, na neno hilo sijawahi kulitumia kwako: usingoje Mei. Njoo sasa. Usiniulize kwa nini. Kama mimi huniamini, muulize mama yako mdogo, yeye hana dozi anayoitetea.

Muuguzi


Tarehe 25 Machi

Kwa Muuguzi,

Nani alikuwa amevaa bangili?

Tarehe 19, kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana, mama alipiga hatua mia tisa na arobaini, na akapanda ngazi mara sita. Safu ile ya ngazi sikuwahi kuifungua kabla ya jana. Nimemuuliza mama mdogo. Anasema wodi iko chini na haina ngazi. Ngazi ziko nje, zinakwenda stoo ya dawa.

Tarehe 20, siku uliyoondoka, hatua ni sifuri. Moyo mia na ishirini na nane. Pumzi thelathini na mbili. Nilidhani wamemwangusha. Kisha nikadhani bangili imeharibika. Kisha nikadhani umeiharibu wewe kwa kisasi. Nilidhani siku nne. Na kwa siku nne hizo pacha, aliyekuwa amejifunza mwili mwingine, kila alipoulizwa alijibu: "Vipimo hivi si vya kawaida kwa mgonjwa huyu. Kagua kihisi. Dozi isitolewe." Mimi ndiye niliyemwandikia sentensi hiyo. Niliiandika ili amlinde.

Jana mama mdogo alienda bila kuwa zamu yake, akaweka simu sikioni pa mama. Mama hakuongea. Nilimsikia tu. Nilimpigia daktari dakika hiyo hiyo nikamwambia azime kila kitu, ampe dawa.

Pampu ikinionyesha mabadiliko kama yale ya Februari, ningesema siku ya kwanza kwamba kihisi kimefungwa kwenye pampu nyingine. Kwa mama yangu nikasema ni muujiza.

Nijibu swali.

Binti


Tarehe 27 Machi

Kwa Binti,

Ni mimi.

Tarehe 10 Februari asubuhi maumivu yalimpata tukimgeuza. Sijarudi na dawa, simu yake ikalia. Ulikuwa wewe, umeona kwenye skrini. Ulilia, ukamuuliza anaumwa wapi, ukakata, ukapiga tena. Mpaka saa sita mchana ulikuwa umepiga mara kumi na tatu. Mara ya mwisho alikwambia amelalia mkono tu, huku ameshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Kisha akaninyooshea mkono. "Afande, nivue hii."

Nikaivua, nikaiweka mezani. Hazikupita dakika tano ikaanza kupiga kelele, na wewe ukapiga simu ya wodi: bangili imevuliwa, kuna nini? Nikasema tunamwogesha. Nilipokata, mama yako akaniambia, "Ivae wewe. Nusu saa tu. Mtoto huyu akiniona hivi kila siku, nitakufa nikiwa nimemmaliza na yeye." Nikaivaa.

Nilimwambia akwambie mwenyewe kwamba haitaki. Akasema, "Siwezi, Afande. Ndiyo njia yake ya kukaa na mimi." Aliniapia kwamba ukija Machi atakwambia. Kisha ukaahirisha Machi, kwa ajili ya mapigo ya moyo wangu.

Nusu saa ikawa asubuhi nzima. Mchana ndio ulikuwa mbaya wake, saa za kuoshwa na kugeuzwa. Jioni ile dozi kubwa ilimlaza. Maumivu yakianza naivaa, yakitulia namrudishia. Nilipanda nayo stoo kumchukulia dawa yake. Sikujua kwamba inahesabu ngazi. Sikujua kwamba inajifunza. Niliifikiri kama kioo, ukiondoka mbele yake imekwisha kukusahau.

Sasa lile ambalo hata Matroni sikumweleza. Sikuivaa kwa huruma peke yake. Uliniambia kwenye simu, wodi nzima ikisikia, kwamba nalewesha wagonjwa. Kila asubuhi baada ya hapo nilifunga bangili yako mkononi nikasema moyoni: haya, mjuaji, jua basi. Niliona raha. Barua yako ya kuahirisha safari mpaka Mei ilipofika ndipo nilipoona kosa langu limetembea mpaka wapi, na hata hivyo siku nane nilikaa kimya. Niliona aibu, na hasira ilikuwa haijaisha, na niliogopa leseni yangu. Barua ya mama yako niliiandika kwa mkono huu nikijua kila neno ni uongo isipokuwa lile la kuku na wino.

Zile siku nne sitakusukumia wewe peke yako. Ni zangu na zako. Chumba cha vidonda kiko hatua sitini kutoka mlango wa wodi. Nilimsikia. Ilipasa nikimbie kwa Matroni saa ile ile ya kwanza. Nilikwenda asubuhi ya tarehe 24, na nilipofika wodini daktari alikuwa ameshika simu yako sikioni.

Dawa anapata sasa. Njoo.

Muuguzi


Tarehe 30 Machi

Kwa Muuguzi,

"Ni zangu na zako." Hapana. Mimi nilidanganywa, wewe ulidanganya, na huwezi kutuweka kwenye kapu moja kwa sababu umeandika vizuri.

Umeniibia siku thelathini na nane. Katika siku hizo mama yangu alikuwa na nguvu ya kuongea, na mimi nilikuwa huku nimekaa na kompyuta, nashangilia moyo wa mtu mwingine. Niliwaita wenzangu ofisini waje waone. Mmoja alileta keki. Jaribu kufikiri nilivyokula keki hiyo.

Nimepeleka malalamiko kwa Baraza la Wauguzi. Sitayaondoa, usinitumie mtu wa kunibembeleza.

Pacha nimemzima. Ofisini nimeambiwa data ni ya thamani hata kama ni ya watu wawili. Nimewajibu nikiwa nimesimama, na nadhani kazi hiyo sina tena.

Nafika tarehe 3. Kuna mambo daktari hayajui, na mama mdogo analia kabla sijamaliza swali. Kwa hiyo nakuuliza wewe, nisiyekupenda. Akiumwa anashika wapi? Anapenda aguswe, au aachwe? Nitamtambua? Bado anatania?

Binti


Tarehe 1 Aprili

Kwa Binti,

Matroni ameniruhusu nijibu maswali manne tu, na anasoma juu ya bega langu.

Akiumwa anashika chuma cha kulia. Mpe mkono wako badala ya chuma, lakini vua pete kwanza, atakuvunja kidole.

Aguswe nyayo, asiguswe tumbo. Nyayo zake baridi kama sakafu. Zishike tu, usizisugue. Kichwani hapendi kabisa, anasema si mbuzi.

Kumtambua, hutamtambua mara moja. Ngozi na macho vimekuwa vya njano, na shingo imebaki kama kifundo cha mkono. Usishtuke mbele yake. Korido ina benchi, shtukia hapo, kisha uingie.

Kutania, ndiyo. Jana alimwomba daktari aliyekuwa akiandika kwenye faili amsomee, kisha akamwambia koma yake imekaa pabaya na mgonjwa ataonekana kafa kabla ya chakula cha mchana.

La tano hukuuliza. Usimwambie "unajisikiaje, mama?" Atakudanganya. Muulize kutoka sifuri mpaka kumi, halafu nyamaza. Jibu la kwanza ni la kukufurahisha. Ngoja la pili.

Na usipite nyumbani kuoga. Toka uwanjani njoo moja kwa moja.

Muuguzi


Tarehe 22 Aprili

Kwa Muuguzi,

Nilikaa naye siku nane. Unajua. Alikufa tarehe 11 saa saba mchana, mkono wake ukiwa kwenye wangu, na mama mdogo amekwenda kununua maji. Tulimzika tarehe 13. Nilikuona nyuma ya watu, na sikukusogelea.

Katika siku nane zile mimi na wewe tulisemezana sentensi moja. Siku ya tatu nilikuja chumba cha vidonda nikakwambia, "Njoo umgeuze, wengine wanamuumiza." Ukanawa mikono ukaja, na kila siku baada ya hapo ukaja. Mama akatutazama wote wawili, mmoja kila upande wa kitanda, akasema, "Mbona kimya? Kwenye karatasi mlikuwa mabingwa." Wewe ulicheka. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye lile benchi.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lilitokea usilolijua, na sina mwingine atakayelielewa, na hilo linaniudhi.

Siku ya tano nilimuuliza, kutoka sifuri mpaka kumi. Akasema mbili, akatabasamu. Nikanyamaza. Nilitaka kuongea mpaka ulimi ukauma, ila nikanyamaza. Akaangalia dari. Akaniangalia. Akasema, "Tisa," na akalia. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona mama akilia, hata kwenye msiba wa baba. Nikatoka mbio mwenyewe kumwita mwenye dawa. Akachomwa, akalala. Alipoamka jioni aliniambia, "Kumbe ni rahisi hivi." Sijui alisema kuhusu dawa au kuhusu kusema. Usiniandikie unavyodhani wewe.

Baada ya hapo hakunidanganya tena. Alinieleza kuhusu bangili pia. Alisema kosa ni lake. Nikamwambia ni la watu watatu, na mmoja wao ni mtumishi wa umma aliyekula kiapo. Akasema, "Basi mpeleke mahakamani, nitakuchapia mashtaka." Hivyo ndivyo tulivyocheka mara ya mwisho.

Malalamiko yako palepale. Ningepata siku thelathini na nane za namna hiyo. Nilipata tatu, maana tano za kwanza alikuwa bado ananifurahisha. Baraza litakusikiliza tarehe 6 Mei. Maelezo yangu nimeyatuma kwa maandishi.

Binti


Tarehe 8 Mei

Kwa Binti,

Walikuwa watano, meza ndefu, maji ya chupa kila mmoja. Walisoma maelezo yako kwa sauti. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina langu likipakwa matope kurasa kumi na moja. Zilikuwa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wangu, na hapana uongo hata mmoja ndani yake. Ukurasa wa pili ulijiandika wewe: barua zako kwa daktari, amri yako kuhusu dozi, ile sentensi uliyoiandika ndani ya kompyuta. Mwenyekiti alisoma mara mbili, akadhani karatasi zimechanganyika.

Mmoja wao, muuguzi mzee kuliko mimi, aliniuliza: "Saa ile ikirudi, mgonjwa amekunyooshea mkono, utafanya nini?"

Nikamwambia: kuivua, ningeivua. Ni mkono wake. Kuivaa, hapana. Ningeiacha mezani ipige kelele. Ungepiga simu mara kumi na tatu, mara mia, nisingepokea kwa uongo. Ningeiacha ilie mpaka uje uizime kwa mkono wako.

Wakaniambia nitoke. Niliporudi walikuwa wameandika: mwaka mmoja nje ya wodi, kisha nitazamwe upya. Matroni amenipangia stoo ya shuka. Nazihesabu, nazikunja.

Katika barua zote hizi sijakuomba radhi. Nilijiambia nitaomba ukianza wewe. Sasa naona kwamba ningekwenda nayo kaburini. Nisamehe siku thelathini na nane, na nne. Barua yako ya Aprili nimeisoma mara nyingi, na sikuandikii ninavyodhani.

Jambo lako la kazi sijui limekwendaje, na sikuulizi. Bado nakuona una ulimi wa kiwembe.

Muuguzi, sasa wa stoo ya shuka


Tarehe 23 Mei

Kwa Muuguzi,

Baraza limeniletea fomu. Wanauliza kama mlalamikaji ameridhika na adhabu. Kuna visanduku viwili. Nimetia alama kwenye "Sijaridhika".

Chini kuna mistari mitano ya kueleza sababu. Sikutaka kuijaza. Juma lililopita mama mdogo alipita wodini kuchukua cheti cha kifo. Anasema kitanda cha nne kina mtu, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori, hana mgeni hata mmoja. Walimgeuza mama mdogo akiwa amesimama hapo. Walimvuta kwa shuka kama gunia. Mzee aliuliza wanaendelea na nani wakimalizana naye, kwa sauti ya mtu anayewaonea huruma wengine. Hakuna aliyemuuliza ni ngapi.

Kwa hiyo nimejaza. Nimeandika kwamba mwaka mmoja unawaadhibu watu wa vitanda sita ambao hawakunikosea. Nimeomba urudishwe wodini mara moja, chini ya uangalizi, na kwamba usiguse kifaa chochote cha aina ile maisha yako yote. Nimeandika kwamba wanaogeuza wagonjwa kama magunia uwafundishe wewe, kwa sababu nimekutazama ukifanya kazi siku tano na sijawahi kuona mikono mingine ikifanya vile. Mistari mitano haikutosha, nikageuza nyuma ya karatasi.

Usinishukuru. Sikusamehe. Nimejaribu kwa sababu uliomba vizuri, na haikuja. Nami sikukuomba radhi, na ninajua kwamba nakudai na unanidai. Acha ikae hivyo.

Mwenyekiti amenijibu asubuhi hii kwa simu. Wamekubali. Zamu ya mchana, kuanzia Jumatatu.

Nenda kazini.

Binti